Alimcheka Baba Mkubwa Laivu, Kumbe Mzee Alikuwa Anaangalia

Makambako kuna mdada mmoja wa miaka 24 mwenye kibanda cha miamala jirani na stendi. Mchana anawatolea na kuwawekea watu hela: madereva wa malori ya Tunduma, kina mama wa viazi, abiria wanaoshuka hapo kubadilisha gari la Songea. Wateja wakipungua anachukua simu yake nyingine, ile yenye kioo kilichopasuka, anaandika riwaya. Saa tatu usiku akishafunga, anaingia TikTok laivu na kuwasomea watu alichoandika.

Siyo riwaya ya mapenzi. Wala siyo ya majini. Anaandika riwaya ya kejeli kuhusu TV ilivyozaliwa na ilivyofika Tanzania, hasa TV ya laivu, enzi zile picha ikikatika watu wazima wanapiga kelele kama wamefiwa. Ukisikia hivyo unaweza kudhani inaboa. Ingia siku moja uone. Watu wanacheka mpaka wanamwomba apunguze, wamelaza watoto.

Siri yake ni moja tu. Vile vinavyochekesha zaidi mara nyingi ndivyo vya kweli.

Chukua sura ya kwanza. Mwaka 1925, London, Mskoti John Logie Baird anahangaika na mtambo wake wa kurusha picha. Taa zake zina joto kali mno, binadamu hawezi kukaa mbele yake muda mrefu, basi akatumia kichwa cha mdoli. Yaani moja ya sura za kwanza kabisa kuonekana kwenye TV duniani ilikuwa ya mdoli. Mdada akifika hapo husimama kidogo, anaangalia kamera, anasema: "Na mpaka leo hawajaacha."

Sura ya pili ni 1953, siku Malkia Elizabeth anavishwa taji. Sherehe inarushwa moja kwa moja, Waingereza kama milioni 20 wanaangalia, na wengi wao nyumbani hawana TV. Wanafanyaje? Wanajazana kwa jirani. "Waingereza!" mdada anasema. "Wale wale waliotufundisha ustaarabu. Wamejaa sebuleni kwa mtu, wanakula biskuti zake, halafu wanamwambia mwenye nyumba asogee, hawaoni."

Sura ya tatu anarudi nyumbani, na hapa vijana wengi huwa wanashtuka. Unguja ilianza kurusha TV mwaka 1973, tena ya rangi. Afrika Kusini, pamoja na dhahabu yake yote, ilianza kurusha TV Januari 1976. Kenya walikuwa nayo tangu 1962, Uganda 1963. Na Tanzania Bara? Kimya. Serikali ya Mwalimu iliona TV ni anasa, nchi ina mambo mengine ya kufanya kwanza. Watu wa Bara wakabaki na redio mpaka ITV ilipoanza mwaka 1994. Televisheni ya Taifa yenyewe ilianza mwaka 2000. Piga hesabu: Unguja na Bara, nchi moja, miaka 21 katikati.

Kwenye riwaya yupo ofisa mmoja wa Bara anayetumwa Unguja mwaka 1973 kuchunguza kama TV ya rangi ni adui wa Ujamaa. Anakaa wiki nzima mbele ya kioo, daftari mkononi. Anarudi na ripoti ndefu inayosema TV ni hatari sana kwa taifa. Mwisho wa ripoti anaomba arudishwe Unguja akaichunguze zaidi. Na safari hii aende na mke wake.

Huyo ofisa hajawahi kuwepo, ni wa kutunga. Lakini watu walicheka kwa sababu kila mtu anamjua.

Sura ya sita ndiyo ilileta balaa.

Sura ya sita TV inaingia Makambako. Ni mwaka 2002. Wakati huo mkoa wa Njombe haujazaliwa, wilaya yote ya Njombe ilikuwa ndani ya Iringa. Mtaa mmoja nguzo za umeme hazijafika. Ananunua TV mzee mmoja ambaye riwaya inamwita Mzee Dishi, maana uani kwake kumesimikwa dishi la wavu kubwa kama ungo wa kupepetea mahindi ya kijiji kizima. Ana jenereta, ana kiti chake cha mbele kabisa, na ana kopo la kukusanyia viingilio. Watu wanakaa chini kwenye majamvi, yeye anakunja nne mbele ya TV na kichwa kinaziba kioo. Mtu akilalamika, Mzee Dishi anamjibu: "Hata kisogo changu kimelipiwa."

Halafu inakuja sehemu ambayo mdada huwa haicheki. Mzee Dishi ana mdogo wake wa kiume. Kijana amepata nafasi ya kusomea umeme kwenye chuo cha ufundi. Ukoo umeuza shamba la miti ili alipiwe ada. Mzee Dishi, kwa kuwa ndiye mkubwa, anakabidhiwa hizo hela. Mdogo wake anafunga begi. Asubuhi ya safari anatoka nje na begi lake, anakuta uani kuna dishi.

Usiku aliosoma hiyo sehemu, laivu ilijaa kuliko siku zote. Vicheko vya katuni vilikuwa vinapanda kwenye kioo kama povu. Mmoja akaandika, "Huyo mzee mwizi wa ada." Mwingine, "Wazee wa hivi ndio waliotuharibia maisha." Mwingine akaandika tusi ambalo halirudiwi hapa. Mdada akalisoma lile tusi kwa sauti, akacheka, akasema, "Mmemjua eeh?"

Kilomita kama 60 kutoka pale, Njombe mjini, mzee mmoja wa miaka 64 alikuwa amejifunika blanketi sebuleni kwa binti yake. Mjukuu wake alikuwa amemshikia simu. Alimwekea kwa nia njema kabisa: "Babu, njoo umwone shangazi yuko laivu, ana watu kibao."

Mzee aliangalia mpaka mwisho. Halafu akamuuliza mjukuu, "Huyu Mzee Dishi ni nani?"

Mtoto akakosa la kusema.

Ndiyo, Mzee Dishi yupo. Ni kaka mkubwa wa baba yake mdada. Na yule mdogo mtu mwenye begi ndiye baba yake mdada mwenyewe. Hakusomea umeme. Alibeba mizigo stendi ya Makambako miaka na miaka, akawa utingo, akarudi kubeba mizigo, mgongo ukamshinda, akafariki mwaka 2017. Binti yake alikuwa sekondari. Kwenye msiba ule watu walipokuwa wananong'ona jikoni, alisikia ile sentensi ambayo nyumbani kwao ilikuwa inazungumzwa chini chini tangu akiwa mdogo: "TV ya kaka yake ndiyo ilimla."

Kwa hiyo riwaya ilianza siku nyingi. Uandishi ndio umekuja baadaye.

Kesho yake asubuhi, simu. Ni dada yake wa Njombe, mtoto wa baba mkubwa. Hakupiga, alituma sauti, na sauti yenyewe ilikuwa fupi: "Baba hajala tangu jana. Sikulaumu. Nakuambia tu."

Hapo ndipo mtu unajijua. Mara ya kwanza mdada alijitetea. Kwani alimtaja jina? Kwani ni uongo? Ada haikuliwa? Mwenzake wa kibanda cha pili akamwambia, "Futa hiyo video, mzee atakufa utaitwa muuaji." Mwingine wa bodaboda akamwambia, "Ukifuta umeisha. Watu wanakufuata kwa ajili ya huyo mzee." Na kweli, wafuasi waliongezeka usiku ule kuliko mwezi mzima.

Hakufuta. Hakuongeza pia. Siku tatu hakuingia laivu. Watu wakamtumia ujumbe: Mzee Dishi amekufa au? Siku ya nne akafunga kibanda, akanunua sukari kilo mbili na blanketi, akapanda Costa ya Njombe.

Nani hajui ile barabara. Unatoka kwenye upepo wa Makambako, unapita Mtwango, mashamba ya miti yanakuzunguka huku na huku, na kadiri unavyosogea Njombe baridi linaingia taratibu kwenye mikono ya koti. Dada wa watu njia nzima alikuwa anahesabu miti. Anajiuliza lipi lilikuwa shamba la kwao.

Alimkuta mzee amekaa karibu na jiko la mkaa.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na baridi hii yote? Umekula?"

Wazee wa kule ndivyo walivyo. Hata kama ana kesi na wewe, utakula kwanza. Wakaletewa viazi na maharage. Wakala. Mzee naye akala. Dada mtu alipoona baba yake anakula, akageuka upande mwingine akajifanya anatafuta chumvi.

Vyombo vilipotolewa, mzee akasema, "Ile hadithi yako. Umekosea bei."

Mdada alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho.

"Umesema kiingilio kilikuwa shilingi hamsini. Haikuwa hamsini. Ilikuwa mia. Na siku ile ya Senegal nilitoza mia mbili."

"Siku gani ya Senegal?"

Mzee akamwangalia kama anamwonea huruma. Unaandika historia ya TV ya Makambako halafu hujui siku ya Senegal?

Basi bwana, ikawa hivi. Ijumaa, tarehe 31 Mei 2002. Kombe la Dunia linafunguliwa Seoul, Korea Kusini. Ufaransa, mabingwa wa dunia wa 1998 na mabingwa wa Ulaya wa 2000, wanacheza na Senegal, ambao ndiyo kwanza wanaingia Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Kule Korea ni usiku, Makambako ni saa nane na nusu mchana. Siku ya kazi, siku ya shule. Mzee anasema walikuja wanafunzi wamevaa yunifomu, na mwalimu aliyekuja kuwafukuza akalipa mia mbili akakaa. Watu walijaa ndani, wakajaa mlangoni, wakajaa dirishani. Hakukuwa na simu za kuangalia, hakukuwa na marudio ya kutafuta usiku. Ukikosa, umekosa. Vijana leo wanaita laivu, watangazaji wanasema mubashara. Watu wa pale walikuwa wanasema "ile inayotokea sasa hivi", na walikuwa wanaitamka kwa heshima kama wanataja mgeni.

Na siku hiyo upepo wa Makambako ukaamka.

Aliyewahi kuishi pale anaujua ule upepo. Unabeba bati. Dishi la wavu kwake ni tanga la ngalawa. Mpira haujafika mbali, dishi likasogea, picha ikaanza kuwa chengachenga. Watu wakapiga kelele. Wengine wakaanza kudai mia mbili yao.

"Nikatoka," mzee akasema. "Nikalikumbatia lile bomba la dishi kwa mikono miwili. Nikawa nalisogeza, nauliza: Sasa je? Wanajibu: Bado! Sasa je? Imekuja! Hapo hapo! Usitikisike!"

Akasimama kuonyesha. Mzee wa miaka 64, blanketi mabegani, mikono imekumbatia hewa.

"Nikikaa ndani, inapotea. Nikirudi nje nikashika, inarudi. Basi nikashika. Nilishika mpaka mpira ukaisha."

"Dakika tisini?"

"Na za nyongeza."

Mdada akauliza lile swali ambalo na wewe ungeuliza. "Kwa hiyo goli hukuliona?"

"Nitalionaje, na mimi nimeangalia ukuta?"

Ukweli ndio huo. Kwenye riwaya, Mzee Dishi amekunja nne mbele ya kioo na kisogo chake kimelipiwa. Kwenye maisha, siku kubwa kuliko zote za TV ile, mwenye TV alikuwa nje kwenye upepo, amegeukia ukuta wa jirani, na kila alichokijua kuhusu mechi alikisikia kupitia dirishani.

"Nani alikuwa dirishani?" mdada akauliza.

Mzee akakaa. Akavuta blanketi.

"Baba yako."

Chumba kikatulia. Hata yule mjukuu akaacha simu yake.

Baba yake mdada, miezi michache tu baada ya ada yake kugeuka dishi, ndiye aliyekuwa anamwambia kaka yake "hapo hapo, usitikisike." Aligoma kuingia ndani. Alisimama dirishani, macho ndani, mdomo nje, akimtangazia kaka yake mechi. Na mama yake mdada alikuwa uani na mtoto mgongoni. Mtoto wa mwaka mmoja, amelala. Unamjua ni nani.

Dakika ya 30, nyumba ikalipuka. Mzee anasema alidhani jenereta limepasuka. Halafu akasikia sauti ya mdogo wake: "Kaka, tumefunga! Kaka, tumewafunga Wafaransa!"

"Tumefunga," mzee akarudia. "Hakusema wamefunga. Nikamwambia nihadithie. Akanihadithia lile goli lote. Kwamba yule jamaa mrefu, Papa Bouba Diop, alipokea mpira katikati ya uwanja, akawapita wanne, akapiga kutoka mbali, nyavu zikachanika. Nikamwambia, nyavu zikachanika kabisa? Akasema, kaka, wamesimamisha mpira wanazishona."

Kila mtu akacheka. Lakini mdada alikuwa na lake, na alijua asipolisema siku hiyo hatalisema tena.

"Baba mkubwa. Na ada?"

Hakuna aliyejifanya hajasikia. Mzee alichukua muda.

"Ada nilikula," akasema. "Usiandike tofauti. Sikuinywea ulanzi, lakini nilikula. Ilikuwa ndani ya lile dishi. Niliona wenye TV mjini wanavyokusanya hela, nikapiga hesabu, nikasema mwakani itakuwa imezaa ada mara mbili, nimpeleke na kumnunulia godoro jipya. Nikamwambia: mwakani. Jenereta likafa kabla ya mwakani. Mwaka uliofuata nikamwambia tena mwakani. Baada ya hapo akaacha kuniuliza. Hicho ndicho kilichoniuma, kwamba aliacha kuniuliza."

"Alikusamehe?"

"Sijui. Alikuwa ananihadithia mipira mpaka mwisho. Sijui kama hiyo ndiyo kusamehe."

Kuna watu wangetaka hapo mzee alie, mdada alie, wakumbatiane. Haikuwa hivyo. Mzee aliomba chai. Mdada akatoa simu, ile yenye kioo kilichopasuka, akatafuta.

Maana lile goli lipo. Siku hizi kila kitu kipo. Papa Bouba Diop alifariki Novemba 2020, akiwa na miaka 42, na wiki ile dunia nzima ilirusha upya goli lake. Lakini mzee hakuwahi kuliona. Hakuwahi kuomba aonyeshwe. Pengine alidhani ameshaliona.

Akavaa miwani. Mdada akabonyeza.

Anayeikumbuka ile mechi anajua goli lenyewe lilivyo. El Hadji Diouf anakimbia upande wa kushoto, anamtoka beki, anapiga krosi ya chini. Petit anajaribu kuokoa, mpira unamgonga kipa Barthez, unarudi, unamkuta Diop anateleza pale mbele ya goli. Anausukuma ndani akiwa chini, karibu amekaa. Goli la kukanyagana. Hakuna aliyepitwa na Diop. Hakuna shuti la mbali. Nyavu nzima kabisa. Halafu Diop anavua jezi, anaitandika chini karibu na kibendera cha kona, wenzake wanaizunguka wakicheza.

Mzee akaangalia. Akasema, "Rudisha."

Mdada akarudisha.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu akavua miwani. "Hili siyo lenyewe. Tafuta lenyewe."

"Baba mkubwa, ndilo. Mechi iliisha moja bila. Hakuna lingine."

Mzee akanyamaza. Miaka zaidi ya 20 amewahadithia watu goli la nyavu kuchanika. Amewahadithia vilabuni, kwenye Costa, kwenye misiba. Wapo watu Njombe nzima wanaojua kwamba mwaka 2002 mechi ilisimamishwa wakashona nyavu.

"Alinidanganya," akasema taratibu. "Yule mtoto. Nimeganda kwenye upepo nimemshikia picha, na yeye anakaa dirishani ananitungia."

Halafu akaanza kucheka. Siyo kile kicheko cha mdomoni. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka binti yake akaja na maji, mpaka machozi yakatoka, na kama yalikuwa ya kucheka tu au na mengine, hakuna aliyeuliza. Alipotulia akamnyooshea mdada kidole.

"Kumbe umerithi."

Mdada alilala Njombe siku hiyo. Usiku aliuliza maswali mengi, mzee akajibu yote, hata yasiyomjenga. Kuhusu hadithi, mzee alisema jina la Mzee Dishi libaki, yeye limempendeza. Ya ada ibaki. Kisogo kulipiwa kibaki, maana siku nyingine kweli alikuwa anaziba. Alitaka mambo mawili tu: bei irekebishwe, na iandikwe kwamba siku ya Senegal alishika dishi mpaka mwisho.

Asubuhi mdada alipanda Costa. Njia nzima aliandika. Sura ya sita aliivunja yote akaianza upya, na safari hii anayehadithia ni kijana wa dirishani, mwenye begi ambalo halijafunguliwa bado, anayemwona kaka yake amekumbatia bomba kwenye upepo, na anaamua amwambie nini. Anaweza kumwambia ukweli, kwamba ni goli la kukanyagana. Anaweza kunyamaza, amwadhibu. Kijana anafikiria kidogo. Halafu anamtungia goli zuri kuliko lililofungwa.

Kwa nini alifanya hivyo, riwaya haisemi. Labda alikuwa anamcheka. Labda alikuwa anamlipa kiingilio. Mdada aliulizwa na watu laivu, akasema, "Mwenye jibu amezikwa Makambako. Mimi namwandikia tu."

Ndiyo, aliisoma laivu, saa tatu usiku, kama kawaida. Kwanza watu walilalamika. Mmoja akaandika, "Mbona umemlainisha mzee?" Mwingine, "Turudishie mwizi wetu." Mdada akawasomea bila kupunguza: ada imeliwa, mwakani imesemwa, begi limeliwa na mende. Hakuna alichomsamehe mzee kwa niaba ya baba yake. Lakini alipofika kwenye upepo, dishi, na yule mtu mzima aliyegeukia ukuta anauliza "sasa je? sasa je?", vile vicheko vya katuni vikapungua. Watu wakaanza kuandika mambo mengine. Baba yangu alikuwa anapanda juu ya bati. Babu alikuwa anafunga uma kwenye antena. Mjomba alipigwa shoti, mechi ikaendelea. Ghafla ikaonekana kila ukoo ulikuwa na mtu mmoja aliyekaa nje ili wengine waone.

Katikati ya pale mtandao wa mdada ukayumba. Picha yake ikaganda, mdomo wazi, mkono juu. Akaanza kuinua simu huku na huku ndani ya kibanda, akiuliza, "Mnanipata? Sasa je? Mnanipata?"

Ukatokea ujumbe kutoka akaunti isiyo na picha, haina video hata moja, imefunguliwa siku hiyo hiyo huko Njombe. Umeandikwa kwa herufi kubwa zote, kama wanavyoandika wazee:

HAPO HAPO. USITIKISIKE.

Haya wadau, na kwenu nani alikuwa anashika dishi?